Taji ya Majani na Kondoo 500

Siku ya michezo ya shule yetu, mbio za mwisho zilipokwisha, msichana aliyeshinda alipewa sufuria, wa pili akapewa daftari mbili na kalamu, na wa tatu akapigiwa makofi. Tulipokuwa tukirudi nyumbani kijana mmoja wa darasa la sita alituandama, akauliza, "Mwalimu, hao Wayunani walioanza mashindano haya zamani, mshindi wao walimpa nini?" Tukamjibu, "Taji ya majani." Akacheka sana, akasema, "Majani! Mbuzi angeila zawadi ile kabla ya kufika nyumbani."

Siku ile hatukuwa na jibu jema. Tulimwambia yale tuliyoambiwa sisi wenyewe tulipokuwa wanafunzi, ya kuwa Wayunani wa kale walikuwa watu wa heshima kuliko watu wa leo, walishindana kwa ajili ya sifa tu, wala hawakutazama fedha. Maneno hayo tumeyafundisha miaka mingi. Kisha tukaketi tukasoma tena, tukaona kwamba tumemdanganya mtoto wa watu. Kwa hiyo twaandika habari hii, kwanza kwa kulisahihisha kosa letu, tena kwa kuwa twawajua waalimu wengine wanaofundisha vile vile.

Mahali penyewe huitwa Olympia, katika Uyunani, nchi ambayo siku hizi huitwa Ugiriki. Wengi hudhani kwamba ni juu ya mlima Olympus, ambao Wayunani waliuhesabu kuwa makao ya miungu yao. Sivyo. Mlima ule uko kaskazini, na Olympia iko mbali nao, kusini-magharibi, katika nchi ya Elis, bondeni ambamo mto Kladeos waingia katika mto Alfeios. Wala haukuwa mji. Palikuwa mahali pa ibada, penye madhabahu na hekalu la Zeus, mkuu wa miungu yao. Kila mwaka wa nne, wakati wa joto kali, watu walikuja kwa maelfu, wakapiga hema zao, wakakaa siku chache katika vumbi na nzi, wakaondoka. Pakabaki makuhani na watumishi wachache, na mijusi juu ya mawe.

Mwaka wa kwanza ulioandikwa ni 776 K.K. Jina la mshindi ni Koroibos, mtu wa Elis, na yasemekana kazi yake ilikuwa upishi. Shindano lilikuwa moja tu, kukimbia toka mwisho mmoja wa kiwanja hata mwisho wa pili, kadiri ya meta 192. Kwa muda wa miaka zaidi ya 50 hapakuwa na jingine. Mwaka 724 K.K. ziliongezwa mbio za kwenda na kurudi, mwaka 720 mbio ndefu, mwaka 708 mieleka pamoja na shindano la mambo matano, yaani kukimbia, kuruka, kutupa kisahani, kutupa mkuki, na mieleka. Mwaka 688 wakaanza kupigana ngumi, na mwaka 680 magari ya farasi wanne. Mashindano haya yalikuwa makuu sana machoni pao hata wakahesabu miaka yao kwayo, wakisema jambo fulani lilitokea mwaka wa pili au wa tatu wa Olympiad fulani. Washindani walikuwa uchi kabisa, jambo ambalo twalitaja kwa kuwa ni kweli, nasi twaendelea.

Msomaji atauliza, mtu wa mbali alifikaje salama, na Wayunani walikuwa watu wa kupigana vita kila siku? Kabla ya mashindano wapiga mbiu walitumwa kutoka Elis, wakazunguka katika miji yote ya Wayunani kutangaza amani ya Olympia. Hapa napo tulikosa katika kufundisha, kwa kuwa tulisema ya kwamba vita vyote vilikoma. Havikukoma. Amani ile ilikataza kuishambulia nchi ya Elis, tena ilimlinda kila msafiri aendaye Olympia au arudiye. Mwaka 420 K.K. watu wa Sparta walishitakiwa kwamba wameivunja kwa kupeleka askari 1,000 wakati wa amani. Wakatozwa faini ya mina mbili kwa kila askari, yaani mina 2,000, wakakataa kulipa, nao wakafungiwa nje ya hekalu na ya mashindano mwaka ule. Fikirini: Sparta, ambayo majeshi yake yaliogopwa na Uyunani wote, imezuiwa mlangoni kama mtoto asiyelipa ada! Walakini mwaka 364 K.K. amani yenyewe ilivunjika pale pale. Watu wa Elis na watu wa Arcadia walipigana ndani ya uwanja mtakatifu siku za mashindano, mbele ya watazamaji.

Sasa tuje katika kiapo, maana hapa ndipo tuliposoma kwa kutafakari zaidi.

Kila mshindani alipaswa kufanya mazoezi miezi kumi kabla ya siku yenyewe, na mwezi wa mwisho alikaa Elis mbele ya waamuzi. Kisha akasimama mbele ya sanamu ya Zeus wa Viapo, sanamu ya kutisha yenye radi katika kila mkono, akaapa juu ya vipande vya nyama ya nguruwe dume ya kuwa hatafanya hila yo yote. Wala hakuapa peke yake. Baba yake aliapa, na ndugu zake, na mwalimu wake wa michezo. Walijua Wayunani, kama wajuavyo wazee wetu, kwamba kijana adanganyaye aghalabu yuko mtu mzima nyuma yake.

Pamoja na kiapo hicho walidanganya. Mwaka 388 K.K. mpigana ngumi mmoja, jina lake Eupolos wa Thessaly, aliwahonga wenzake watatu wakubali kushindwa, na mmoja wao alikuwa ndiye mshindi wa mara iliyotangulia. Wote wanne wakatozwa fedha. Kwa fedha zile waamuzi walifanyiza sanamu sita za shaba za Zeus, wakazisimamisha kando ya njia iendayo kiwanjani, na baadhi yake zikaandikwa maneno ya kuonya kwamba ushindi wa Olympia hupatikana kwa mbio za miguu na nguvu za mwili, haununuliwi. Kila alipopatikana mwenye hila mwingine, sanamu ikaongezwa. Leo sanamu zimekwisha potea, lakini misingi yake ya mawe 16 ingaliko katika mstari. Kila mshindani aliyekwenda kiwanjani alipita mbele yake, akaiona, ndipo akaingia.

Mwaka 2004 mashindano ya siku hizi yalifanywa katika mji wa Athene, na waliosimamia wakaona vema kutupa tufe kufanywe Olympia yenyewe, katika kiwanja kile cha kale. Ilikuwa siku kubwa, kwa kuwa hata wanawake walishindana mahali ambapo zamani mwanamke mwenye mume alikatazwa kukanyaga. Lakini mshindi wa wanawake alionekana amekunywa dawa ya kuongeza nguvu iliyokatazwa, akanyang'anywa nishani. Miaka minane baadaye mkojo wa mshindi wa wanaume uliokuwa umehifadhiwa ulipimwa tena, naye akanyang'anywa. Wote wawili walikuwa wameshinda mwendo mfupi tu kutoka kwa ile misingi 16.

Tumetaja wanawake. Sheria ya Elis ilisema mwanamke mwenye mume akionekana Olympia siku zile atatupwa chini toka katika jabali la mlima Typaion. Aliyeachiliwa ni kuhani mmoja tu wa kike. Pausanias, msafiri aliyepita huko katika karne ya 2 B.K., asimulia habari ya mjane mmoja, Kallipateira, ambaye mumewe alikufa naye akamfundisha mwanawe mwenyewe kupigana ngumi. Akajivika mavazi ya mwalimu wa michezo, akaingia pamoja naye. Kijana aliposhinda, mama alishindwa kujizuia, akauruka uzio wa waalimu, na nguo zikamfunua. Waamuzi hawakumwua, kwa kuwa baba yake, na ndugu zake, na sasa mwanawe, wote walikuwa washindi wa Olympia. Lakini wakatoa amri ya kwamba tangu siku ile waalimu nao waingie uchi. Kina mama wasomao karatasi hii wataamua wenyewe kama angefanya vingine. Binti wasioolewa hawakukatazwa kutazama, tena walikuwa na mbio zao wenyewe hapo hapo Olympia kwa siku nyingine, kwa heshima ya Hera, katika kiwanja kilichofupishwa kwa sehemu moja ya sita.

Mgeni naye alikatazwa kushindana. Aliyeruhusiwa ni mwanamume aliye huru na aliye Myunani. Alexander wa kwanza, mfalme wa Makedonia, alipokuja kukimbia, wenzake walimkataa wakisema ni mgeni, hata alipothibitisha kwamba ukoo wake watoka Argos. Basi yule asemaye kwamba Wayunani walianzisha mashindano ya mataifa, na ajue ya kuwa mataifa kwao yalikuwa watu wa kuachwa nje.

Turudi katika swali la kijana wetu, yaani zawadi.

Pale Olympia mshindi alipewa taji ya majani tu, hilo ni kweli. Matawi yalikatwa katika mzeituni mwitu mmoja uliokuwa karibu na hekalu. Aliyeyakata ni mtoto wa kiume ambaye baba na mama yake wote wawili wako hai, naye alitumia mundu wa dhahabu. (Ndugu yake mti ule yuko hata kwetu katika milima ya Kenya na ya kaskazini ya Tanzania. Sisi twaufanya mkaa, na wafugaji hufukizia vibuyu vya maziwa kwa vijinga vyake.) Mtu wa pili hakupewa kitu, wala wa tatu. Herodotus aandika ya kwamba mwaka 480 K.K., Waajemi walipokuja na jeshi kubwa kuipiga Uyunani, waliuliza Wayunani wanafanya nini, wakaambiwa wanatazama mashindano ya Olympia na zawadi yake ni taji ya mzeituni. Mkuu mmoja wa Waajemi akashtuka, akaona ni hatari kupigana na watu wasioshindania mali. Nadhani habari hii ndiyo iliyotupoteza sisi waalimu. Tulimsadiki yule Mwajemi, lakini yeye hakumfuata mshindi mpaka kwao.

Tukimfuata hata Athene twaona mambo mengine. Plutarch aandika kwamba Solon, aliyewawekea watu wa Athene sheria mwanzoni mwa karne ya 6 K.K., aliamuru mshindi wa Olympia alipwe drakma 500, na mshindi wa Isthmia drakma 100. Tena aeleza ya kwamba siku zile kondoo mmoja alihesabiwa kuwa sawa na drakma moja. Hesabuni wenyewe. Kijana aliondoka Olympia na majani kichwani, akafika kwao akapokea kiasi cha kondoo 500. Baadaye washindi walipewa pia chakula kila siku kwa gharama ya mji muda wote wa maisha yao. Hata neno lao lenyewe ladhihirisha jambo hili, kwa maana athlon ni zawadi ya mshindi, na mwanariadha katika lugha yao ni mtu ashindaniaye zawadi.

Je, ni aibu? Sisi hatuoni hivyo. Mtu aliyeacha shamba lake miezi kumi alikuwa na haki ya kula. Wala majani hayakuwa bure, kwa sababu bila majani yale kondoo hawakutolewa. Waamuzi walitoa shahidi wa kweli, na mji ukamlipa aliyeshuhudiwa.

Wasomaji wetu wengi wameikuta taji hii kabla ya leo. Mtume Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu, yapata mwaka 50 hata 52 B.K., na karibu na mji huo, mwendo wa saa chache kwa miguu, palikuwa Isthmia, ambako mashindano yalifanywa kila mwaka wa pili. Taji ya huko ilikuwa ya majani ya msonobari, au ya seleri iliyokauka. Basi alipowaandikia Wakorintho habari za wakimbiaji, na za wapigana ngumi, na za taji isiyodumu, hakutafuta mfano wa mbali. Watu wale walikuwa wameziona taji hizo zikinyauka nyumbani mwa jirani zao.

Yatosha kusema kidogo tu juu ya mwisho wake. Mwaka 67 B.K. Kaisari Nero alikuja Olympia, akaendesha gari la farasi kumi, akaanguka, hakumaliza, na waamuzi wakamtaja kuwa mshindi. Alipokufa jina lake likafutwa. Mashindano yaliendelea hata karne ya 4, maana limechimbuliwa bamba la shaba lenye majina ya washindi mpaka mwaka 385. Kwa kawaida husemwa kwamba Kaisari Theodosius, aliyekuwa Mkristo, aliyakomesha mwaka 393 pamoja na ibada za miungu. Kilichokuwa karakana ya Pheidias, yule fundi aliyechonga sanamu kubwa ya Zeus ya pembe na dhahabu, kiligeuzwa kuwa kanisa, na kuta zake zingali zimesimama. Kisha matetemeko na mafuriko ya mito ile miwili yakaifunika Olympia kwa udongo, hata Mwingereza Richard Chandler alipoona mabaki yake mwaka 1766. Wajerumani wakachimba toka mwaka 1875 hata 1881.

Watu wa Ulaya waliposoma habari za uchimbaji ule walitamani kuyarudisha mashindano. Wayunani wenyewe walikuwa wamekwisha jaribu katika Athene mwaka 1859, kwa mali ya tajiri mmoja, Evangelos Zappas. Lakini aliyefaulu kuyakusanya mataifa ni Mfaransa, Pierre de Coubertin. Kwa mkutano aliouita Paris mwezi wa Juni 1894 iliundwa Kamati ya Olimpiki, na mashindano ya kwanza ya zamani zetu yakafunguliwa Athene tarehe 6 Aprili 1896, katika kiwanja cha kale kilichotengenezwa upya kwa marmari. Wanawake hawakuruhusiwa. Mshindi alipewa nishani ya fedha na tawi la mzeituni, na safari hii wa pili naye akapewa nishani.

Siku ile ya mbio ndefu kutoka Marathon hata Athene, kadiri ya kilometa 40, aliyetokea wa kwanza kiwanjani alikuwa Spyridon Louis, mchukuzi wa maji wa kijiji cha Marousi. Alitumia saa 2, dakika 58 na nukta 50. Watu walilia kwa furaha, na wana wa mfalme wakakimbia pamoja naye hata mwisho. Wengi hudhani kwamba mbio hizi ndizo za kale kuliko zote. Lakini Wayunani wa kale hawakuwa nazo kabisa. Mbio zao ndefu Olympia hazikufika kilometa 5. Wazo hili lilitoka kwa Mfaransa mwingine, Michel Bréal, aliyependa hadithi ya mjumbe aliyekimbia kutangaza ushindi wa mwaka 490 K.K. kisha akaanguka akafa. Herodotus, aliyekaribia siku zile, hana hadithi hiyo. Yeye amtaja mjumbe aliyetumwa Sparta kuomba msaada kabla ya vita. Kadhalika mwenge upitishwao kwa mikono kutoka Olympia ulianzishwa mwaka 1936, kwa mashindano ya Berlin, katika utawala wa Hitler. Tumewaona waalimu wakiuchora ubaoni chini ya maneno "Uyunani wa kale", na sisi tukiwamo.

Hayo ni makosa madogo, hayamdhuru mtu. Liko moja lililodhuru, nalo ni lile lile tuliloanza nalo. Waliorudisha mashindano walisadiki kwamba Myunani wa kale hakuchukua fedha, wakaweka sheria ya kwamba mtu aliyewahi kulipwa kwa mchezo asishindane. Katika Uingereza ya karne ya 19 sheria za namna hii zilikuwa zimetumika kuwatenga maskini. Vyama vingine vya kupiga makasia viliwakataza hata mafundi na watu wa kazi za mikono. Basi mwaka 1912, huko Stockholm, Jim Thorpe, mwana wa wenyeji wa asili wa Marekani, wa kabila la Sac na Fox, alishinda mashindano mawili magumu, la mambo matano na la mambo kumi. Mwaka 1913 ikajulikana kwamba alikuwa amelipwa fedha kidogo kwa kucheza mpira wa besiboli siku za likizo yake ya shule. Wakamnyang'anya nishani zote mbili, wakafuta jina lake. Alikufa mwaka 1953 bila kurudishiwa. Watoto wake walikabidhiwa nishani mwezi wa Januari 1983, na mwaka 2022 ndipo alipotajwa tena kuwa mshindi peke yake. Alihukumiwa kwa desturi ya Wayunani ambayo Wayunani hawakuwa nayo! Sheria yenyewe ililegezwa katika miaka ya 1970 na 1980.

Nasi Waafrika tuliingiaje? Kwa mlango mbaya. Mwaka 1904, huko St. Louis, Watswana wawili, Len Taunyane na Jan Mashiani, walioletwa kwa maonyesho ya Vita vya Makaburu, walikimbia marathoni wakawa wa 9 na wa 12. Katika siku nyingine za maonyesho yale yale watu wa makabila mbalimbali walishindanishwa katika michezo wasiyofundishwa, kisha waliposhindwa ikaandikwa kwamba ni watu dhaifu. Coubertin mwenyewe hakuyapenda mambo hayo. Miaka 56 ikapita, na mwaka 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Roma bila viatu, akawa wa kwanza. Mwaka 1968 Kipchoge Keino wa Kenya alishinda meta 1,500, mwaka 1972 John Akii-Bua wa Uganda alishinda meta 400 za kuruka viunzi, na mwaka 1996 Venuste Niyongabo wa Burundi alishinda meta 5,000. Majina haya watoto wayajua kuliko sisi.

Lakini tulipomrudia yule kijana kumsahihishia jibu, tulitaka amjue mtu mwingine wa mwaka ule wa 1968, ambaye hakushinda. Mshairi Pindar ataja vijana walioshindwa wakirudi kwa mama zao kwa kupita vichochoroni ili wasionekane. Yule wa mwisho kule Olympia hakuandikwa na mtu. Basi katika Jiji la Mexico, mji ulio juu zaidi ya meta 2,200, John Stephen Akhwari wa Mbulu, Tanzania, aliumia goti kwa kuanguka katika marathoni. Walioanza walikuwa zaidi ya 70, na wengi waliacha. Mamo Wolde wa Ethiopia alimaliza kwa saa 2 na dakika 20. Zaidi ya saa moja baadaye, giza limekwisha ingia na watazamaji wengi wamekwenda zao, Akhwari aliingia kiwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, akazunguka mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa 57, naye wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu ya kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, ilimtuma azimalize.

Kijana alisikiliza habari zote, tangu kondoo 500 hata bendeji, bila kucheka. Kisha akauliza, "Mwalimu, yule mwenye saa alikuwa bado yupo?" Tukamwambia, naam, alikuwapo, na wakati wake uliandikwa: saa 3, dakika 25, na nukta 27.